Somo: Kuanzisha AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya akina mama sokoni (soma kwanza, ndipo uulize)

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara sita, moja nikiwa juu ya pikipiki. Naandika mara moja tu. Mimi nauza vitenge soko la Virunga, hapa Goma. Kikundi chetu kiko mwaka wa nne.

1. Tafuteni watu 10 hadi 25 wanaojuana mpaka nyumbani. Shemeji mwenye madeni muache alipo.

2. Chagueni mwenyekiti, mwandishi, mtunza sanduku na wahesabu pesa wawili.

3. Sanduku la chuma, kufuli tatu. Funguo wapewe wanawake watatu wasio wa kamati, wasiolala nyumba moja.

4. Pangeni bei ya hisa, ndiyo akiba yenu. Yetu ni franga 2,000. Kila mkutano mtu ananunua 1 hadi 5. Hisa moja, muhuri mmoja kwenye kitabu chake. Nafasi zilizobaki zipigwe mstari palepale.

5. Mfuko wa msaada: franga 500 kila mmoja, zifungwe kwenye kitambaa cha mfuko huo, kwa matanga na wagonjwa. Usichanganywe na hisa.

6. Mikopo. Hapa ndipo tulipoungua. Mwanachama hukopa mpaka mara tatu ya akiba yake, anarudisha ndani ya miezi mitatu. Riba yetu ni 5 kwa mia kwa mwezi. Hayo tuliyafuata. Kosa letu: hisa tulinunua kwa franga, mikopo tukatoa kwa dola, kwa sababu vitenge vinanunuliwa kwa dola. Tuseme umekopa dola 100 siku dola ikiwa 2,800: zimetoka franga 280,000. Unarudisha dola imeshuka 2,300: zimeingia 230,000. Franga 50,000 zimepotea na hakuna aliyeiba! Lakini siku ile tulitazamana kama wezi, na mama mmoja, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hakurudi tena. Mpaka leo sanduku lina harufu ya sambaza zake. Kwa hiyo: pesa ya aina moja tu, kuingia na kutoka. Anayetaka dola akabadilishe mwenyewe kwa wabadilisha pesa wa Birere. Na mwezi wa mwisho kabla ya kugawana msikopeshe mtu yeyote, hata akilia.

7. Baada ya miezi 9 hadi 12, gawaneni zote, muanze upya.

MASWALI

Dada wa Katindo: Riba ni ngapi?
— Namba 6.

Dada wa Katindo: Nauliza tu, mama, usikasirike.
— Sikasiriki. Namba 6.

Mama Ndosho: Shirika gani litatuletea pesa za kuanzia?
— Hakuna. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na hata kule pesa zilikuwa za akina mama wenyewe. Ukisubiri mfadhili, wenzako watakuwa wamegawana mara mbili.

Mwanafunzi: Aksanti mama. Faida mnaigawa vipi? Sawasawa?
— Swali zuri, mwanangu. Hapana, kwa hisa. Mikopo yote ikisharudi, hesabuni pesa mbele ya wote. Tuseme ni 6,600,000, na hisa zote ni 3,000. Gawanya: kila hisa sasa ni 2,200. Mwenye hisa 120 aliweka 240,000, anapata 264,000. Wa hisa 20 anapata 44,000. Kila mmoja ahesabu mihuri yake kwa sauti. Hapo ndipo ugomvi unakufa.

Mama Himbi: Bwana wangu anasema bila ruhusa yake siwezi kuweka saini.
— Ruhusa ya bwana iliondolewa kwenye sheria ya familia ya Kongo mwaka 2016. Sasa mnaelewana wote wawili, yeye na wewe. Ila mimi wangu nilimwalika siku ya kugawana. Alipoona noti, akanyamaza.

Muuza makaa: Kwa nini msiweke benki?
— Ndugu, si uliona benki za Goma zilivyofungwa mwezi wa kwanza 2025? Na pesa ya simu inakatwa kila ukitoa.

Dada wa Birere: Mimi nabadilisha pesa. Mnapochukua dola, ziangalieni kwenye mwanga, kona zote nne. Franga iliyochakaa inapita, lakini dola yenye mchaniko kama ukucha hakuna atakayeipokea.
— Kweli kabisa. Nina moja ya 20 nyumbani tangu mwaka jana. Wewe unaichukua kwa ngapi?

Dada wa Birere: Ilete, nione kwanza.