Barakoa kabla ya kumjulia hali mgonjwa: namna ya kuamua

Amua kabla hujatoka nyumbani. Ukishapiga hodi, aibu ndiyo itakayoamua.

1. Jikague. Mafua, homa, koo kuwasha, kikohozi: vyote vihesabu, hata kama unaamini ni vumbi la korosho tu. Ziara inayoweza kungoja, iahirishe mpaka upone. Isiyoweza kungoja, vaa. Mafua makali huanza kuambukiza takriban siku 1 kabla ya dalili, hivyo kama nyumbani kwako watu wanapiga chafya, nawe jihesabu mgonjwa. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi hakimalizwi na barakoa: nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu.

2. Nani yumo ndani? Kichanga, mjamzito, mzee, mwenye kisukari au pumu, anayetumia dawa za saratani, anayeishi na VVU. Usimhoji mtu maradhi yake. Hujui na unakohoa? Vaa. Mama mwenye mafua aendelee kunyonyesha, ila anawe mikono kwa sabuni na avae barakoa. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivalishwe kamwe. Anaweza kukosa hewa.

3. Hewa ikoje? Barazani au chini ya mwembe, upepo wa bahari ukipita, hatari ni ndogo. Chumba kilichofungwa jioni kwa kuogopa mbu ni habari nyingine, kwani vijidudu vya kifua kikuu huweza kuelea humo kwa saa kadhaa. Wodini, na kwenye basi la Masasi lililofunga vioo, usisite.

4. Ivae sawasawa. Kwa barakoa ya hospitali, upande wa rangi ukae nje na waya juu. Ubane waya ufuate pua, kisha vuta chini ifunike kidevu. Joto la Mtwara huilowesha haraka, na ikilowa pumzi hupenya pembeni badala ya kuchujwa. Beba 2 au 3. Ile yenye kidude cha kutolea hewa mbele haifai hapa: pumzi yako humfikia mgonjwa bila kuchujwa.

Kosa kubwa zaidi ni kuishusha ili kuongea, wakati kuongea ndiko kunakorusha mate. Bibi asiposikia, ongea polepole au mtoke mkakae barazani. Asije akadhani unamnyanyapaa, mwambie mapema: "Shikamoo bibi. Mwenye mafua ni mimi, sitaki nikuachie."