Kabla ya kukipa chuo farasi wako

Watoto waliokuwa wakimpanda wamehamia Nairobi, na shambani Njoro mmebaki wewe, saisi wako (mtunzaji wa farasi) na farasi anayeshinda kwenye ua akitafuna nyasi. Kisha unasikia kuna chuo upande wa Kisumu kinachotaka kuwafundisha wanafunzi kupanda farasi. Wazo ni zuri. Lakini kabla hujapiga simu, nenda bandani umtazame huyo farasi kwa macho ya mtu asiyempenda.

Anza na tabia. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huvuta hatamu ovyo, hukaa kwenye tandiko kama gunia la mahindi, na humgusa farasi kwa visigino bila kukusudia. Farasi wa kufundishia huyavumilia hayo saa nzima, kisha anakuja mwanafunzi mwingine na kuyaanza upya. Ndiyo maana farasi mtu mzima, wa miaka kumi na kitu, mara nyingi hufaa kuliko kijana. Aliyestaafu mbio za Ngong akiwa na miaka 5 amefundwa jambo moja tu, kwenda shoti, na kumgeuza awe mtulivu ni kazi ya miezi mingi.

Kama wako huuma anapokazwa mkanda wa tandiko, au hurusha mateke akisikia pikipiki, sema. Niliwahi kumtoa farasi jike mpole sana, nikanyamaza kuhusu hofu yake ya miavuli. Niliona ni jambo dogo. Mvua ya kwanza iliponyesha mtu akafungua mwavuli kando ya uwanja, msichana akaanguka na kuvunjika mtulinga. Tangu hapo huandika kila kituko cha mnyama, hata cha kuchekesha.

Mwite daktari wa mifugo amkague meno, macho, moyo na miguu, na amwone akienda matiti, yaani mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu. Anayechechemea hutikisa kichwa kila mguu mbovu unapokanyaga. Farasi anayehitaji dawa ya maumivu kila siku ili abebe mtu usimtoe kabisa. Huko kutakuwa kumhamishia mwenzako gharama, na kumhukumu mnyama kwa ile methali ya punda afe, mzigo wa bwana ufike. Uzito nao upigiwe hesabu, maana wanafunzi wa chuo ni watu wazima. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 basi asipite kilo 90.

Sasa geukia chuo chenyewe. Farasi wa uzito huo hula karibu kilo 9 hadi 10 za hei (nyasi kavu) kwa siku, ambazo kwa mwezi ni kama marobota 20 ya kilo 15, na hunywa lita 25 hadi 45 za maji, zaidi kwenye joto la Kisumu. Kwato hupunguzwa kila wiki sita hadi nane. Waulize nani atalipa hayo Desemba chuo kikifungwa. Waulize pia kuhusu mgomo: wanafunzi wakirudishwa nyumbani ghafla, nani anabaki na ufunguo wa stoo ya chakula? Wakitazamana bila jibu, ahirisha.

Stoo hiyo ikague mwenyewe, hasa chuo kikiwa na kuku na ng'ombe. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo kwao haina shida, lakini kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi na kumuua. Mahindi yenye ukungu, ambayo huku kwetu watu huona ni haki ya mifugo, yanaweza kuuozesha ubongo wake. Na farasi hawezi kutapika. Alichokosea kumeza hakirudi.

Kutoka Njoro kwenye baridi, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Kisumu kwenye mita 1,100 na kitu, unamshusha kwenye joto na visubi, vile vijidudu vidogo vinavyoruka na kuuma. Visubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na wengi wanaougua bila kinga hufa. Chanjo ikamilike wiki kadhaa kabla ya safari, pamoja na ya pepopunda. Banda la kule liwe mbali na maji yaliyotuama, naye alazwe ndani kabla jua halijazama, kwa kuwa visubi huuma zaidi machweo na usiku.

Karatasi zisiachwe nyuma kwa sababu mnajuana. Andikeni muda wa majaribio, siku 30 au 60, na kwamba asipofaa atarudi kwako. Andikeni pia kwamba hatauzwa wala kugawiwa mtu bila wewe kuulizwa kwanza, na nani ataamua akifikia hali ya kupumzishwa na daktari, yaani kuuawa bila maumivu. Kibali cha kumsafirisha kitoke ofisi ya mifugo kabla lori halijaletwa.

Lori liwe na sakafu isiyoteleza na kizuizi cha kuegemea. Mteremko wa kutoka Mau Summit kwenda Kericho ni mrefu. Mpakie asubuhi na mapema. Mtume na hei yake ya siku kumi, ili ile mpya ichanganywe kidogo kidogo asije akapata msokoto wa tumbo, na tandiko lake pia kama linamkaa vizuri. Na kama saisi wako anakubali, mlipe alale huko siku tatu za kwanza, awaoneshe wenyeji mguu upi huinuliwa kwanza na sauti gani humtuliza.