Tovuti Isipofunguka: Pa Kuanzia
Mteja aliyeko Kondoa akikupigia simu kwamba tovuti yako ya kuuza zabibu za Dodoma haifunguki, usikimbilie kubadilisha chochote. Ifungue kwanza kwa simu inayotumia bando, si kwa mtandao wa ofisini, ili ujue kama tatizo ni la tovuti au ni la intaneti yako. Kisha soma namba inayoonekana kwenye skrini. Namba 404 humaanisha kwamba ukurasa haupo au anwani imekosewa, ilhali 500 huashiria hitilafu ndani ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), ambayo mara nyingi hutokana na programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza kwenye tovuti) iliyosasishwa karibuni: izime, ujaribu tena. Ikishindikana, fungua kumbukumbu za makosa za seva (faili linaloorodhesha hitilafu zilizotokea) na usome mistari ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi hapo hutajwa faili lenye kasoro.

Kivinjari kikionya kwamba tovuti si salama, angalia tarehe ya mwisho ya cheti cha usalama, kinachothibitisha kwamba mawasiliano na tovuti yamelindwa. Jina la tovuti lenye .co.tz, yaani anwani yake, nalo lina ukomo, na lisipolipiwa kwa wakati tovuti hutoweka hata kama seva ni nzima.

Nasisitiza sana: kabla ya kugusa faili lolote, hifadhi nakala ya tovuti pamoja na hifadhidata yake (mahali taarifa za tovuti zinapotunzwa), nje ya seva hiyo.