Daftari la kikohozi: mtoto mwenye pumu asikose shule

Muhula uliopita kijana wangu wa darasa la tatu alikosa shule siku 19. Nililaumu baridi, nikamvisha masweta. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniambia: mama, nunua daftari.

Kila siku andika mambo matatu tu: usiku amekohoa? Shule amekwenda? Jana palikuwa na moshi au vumbi gani? Wiki tatu zinatosha kuanzia. Langu lilisema wazi: Jumapili jioni taka zikichomwa uani, Jumatatu mwanangu yuko kitandani.

Hapa kwetu Mbagala tuko wapangaji sita, uani mmoja. Nilibeba daftari kwa mama mwenye nyumba, nikamwonyesha tarehe. Sikugomba na mtu. Sasa tunachangia mzoa taka wa mkokoteni, na majiko ya mkaa yanawashwa nyuma, mbali na madirisha. Jiko la mkaa usiliingize ndani hata likishakolea. Moshi umekwisha, lakini hewa ya sumu bado inatoka. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mwanangu anapumua leo, kwa hiyo nadunduliza ninunue mtungi mdogo wa gesi.

Shuleni, mwone mwalimu wa darasa mapema. Adui wetu alikuwa usafi wa asubuhi: watoto wanafagia uwanja mkavu, vumbi linapanda hadi madirishani. Niliomba wangu apewe kumwagilia maua, na wenzake wanyunyize maji kabla ya kufagia. Mwalimu alikubali palepale.

Kama daktari amemwandikia inhela ya salbutamoli, yaani kikopo cha dawa ya kupuliza inayofungua njia za hewa, usimpulizie mdomoni moja kwa moja. Dawa nyingi huishia kooni. Tengeneza chupa ya kupitishia dawa, ili aivute taratibu hadi kifuani. Chukua ya maji ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni, iache ichuruzike ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa itanata kwenye plastiki. Pasha waya moto ukiwa nje, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela. Ichomeke ibane, pengo ziba kwa selotepu. Tikisa inhela, mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano. Ikibidi kurudia, tikisa tena kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitano anahitaji chupa yenye barakoa, hiyo uliza kliniki. Wangu ana chupa mbili, moja inakaa kwenye begi la shule, na mwalimu nimemfundisha.

Usiku akibanwa, mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Mtoto aliyepita miaka mitano akizidi 30, au mbavu zinabonyea ndani, au hawezi kumaliza sentensi, usingoje kupambazuke. Mpulizie kama daktari alivyoelekeza, ita bodaboda, mkae wima, na chupa uishike mkononi hadi mlango wa hospitali.