Namna ya Kuisoma Ngome ya Kale kwa Kuanzia na Ardhi Yake

Anayetaka kuelewa kwa nini mji wa kale ulijengewa ngome mahali ulipo, na aanze na ramani yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, kabla ya kuutazama ukuta wenyewe. Ukuta uligharimu mawe, chokaa na nguvu za watu wengi, hivyo wajenzi waliupunguza popote ambapo genge (ukingo wa mwamba ulio wima), bahari au kinamasi kiliwafanyia kazi hiyo bure. Ukikuta ukuta mnene kuliko kwingine, wenye handaki mbele yake na minara iliyokaribiana, basi umeuona upande ambao ardhi iliwanyima kinga.

Konstantinopoli, ambayo leo ni Istanbul nchini Uturuki, inaonyesha jambo hili waziwazi. Mji ulikaa kwenye rasi ya pembetatu, maji yakiukinga pande mbili, na kwa sababu hiyo ulinzi mzito uliwekwa magharibi, ambako kuta za kaisari Theodosius II zilipangwa kwa safu tatu: handaki, ukuta wa nje na ukuta mrefu wa ndani. Ufuatishe mstari wa kuta hizo kutoka kaskazini kwenda kusini, nawe utaona unashuka katika bonde la kijito cha Lycus kisha unapanda tena. Hapo bondeni ndipo mizinga ya Waosmani, Waturuki waliouzingira mji, ilipolenga zaidi mwaka 1453. Hata maji hayakuwa kinga kamili, maana ghuba ya Pembe ya Dhahabu ilipozibwa kwa mnyororo, Waosmani waliburuta merikebu zao nchi kavu na kuzishusha upande wa pili.

Ukishaujua upande dhaifu, uliza watu walikunywa nini. Kwa maoni yangu swali hili lina uzito kuliko urefu wa ukuta, ingawa wageni wengi hupita kisimani bila kusimama. Thaba Bosiu, mlima wa Lesotho ambao Moshoeshoe, mwanzilishi wa taifa la Wabasotho, alihamia mwaka 1824, una magenge pembeni na njia chache za kupandia, lakini pia una chemchemi na uwanda mpana juu yake. Watu na mifugo waliweza kukaa huko adui akiwa chini, na mashambulizi ya Makaburu ya mwaka 1865 yalishindwa kuuteka. Kasri la Edinburgh huko Uskoti, lililo juu ya mwamba wa volkano, lilikuwa na kisima, ila mizinga ilipoangusha Mnara wa David mwaka 1573, kifusi kilikiziba, na askari waliokuwa ndani hawakuchukua muda kusalimu amri.

Kisha tafuta mgongo wa ardhi unaoegemea genge. Kule Masada, ngome ya Wayahudi karibu na Bahari ya Chumvi, Warumi hawakupambana na magenge marefu ya mashariki, bali walijenga tuta la kupandia upande wa magharibi, juu ya mgongo wa asili uliokuwapo tayari.

Mwisho, usiiamini mandhari ya leo moja kwa moja. Huko Harlech, Wales, ngazi zenye ulinzi hushuka kutoka kasri hadi chini ya jabali, na bahari sasa iko mbali nazo. Zilipojengwa, maji yalifika karibu, na chakula kililetwa kwa meli wakati kasri limezingirwa. Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu kwamba wajenzi walikosea, tafuta kwanza pwani au mto ulipita wapi katika zama zao.