Yadi Ikidai Kwamba Ulificha Historia ya Gari Ulilobadilisha

Umepeleka gari lako la zamani kwenye yadi ya kuuza magari jijini Nairobi, likakadiriwa bei, ukaongeza pesa na kuondoka na gari jingine. Wiki chache baadaye muuzaji anapiga simu akidai kwamba gari uliloacha liliwahi kupata ajali, kwamba mita yake ya kilomita ilirudishwa nyuma, au kwamba lina deni la benki, na kwamba hatakupa logbuku (hati ya usajili) ya gari jipya mpaka ulipe tofauti. Usikubali wala usikatae kwa simu. Mtake aandike kasoro ni ipi, nani aliigundua na lini, na wewe ulisema nini kuihusu siku ya makubaliano.

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha mgogoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humbebesha dhamana ya ubora yule anayeuza katika shughuli za biashara yake, na wewe uliyetoa gari la nyumbani kwa kawaida dhamana hiyo haikuhusu. Unachobanwa nacho ni dhamana kwamba una haki ya kuliuza gari hilo na kwamba halina deni, pamoja na maelezo uliyoyatoa mwenyewe. Kwa hiyo dai la deni likiwa la kweli, sioni faida ya kubishana: lipa, pata barua ya benki, na uhakikishe jina la benki limeondolewa kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari.

Suala la mita linahitaji uchunguzi zaidi. Fungua boneti au mlango wa dereva wa gari uliloacha utafute stika za kubadilisha oili. Stika ya miaka miwili iliyopita ikionyesha kilomita 118,000 ilhali mita leo inasoma 84,000, mita imechezewa, na kilichobaki ni kujua ilichezewa mikononi mwa nani. Ikiwa gari lilitoka Japani, cheti chake cha kusafirishwa nje huonyesha kilomita zilizorekodiwa huko, nawe ukilinganisha na stakabadhi zako za gereji unaweza kuthibitisha kwamba uliinunua kasoro hiyo bila kujua. Hata hivyo, kama uliandika kwamba kilomita hizo ni halisi, badala ya kusema tu kile mita inachosoma, muuzaji ana hoja.

Kuhusu ajali, yadi iliyolikagua gari kwa fundi wake isikutwike uzembe wake, ila kama uliandika kwenye WhatsApp kwamba halijawahi kugongwa ilhali bima ilikwisha kulipia matengenezo ya ajali, afadhali upatane. Uliza pia kama gari limeshauzwa. Aliyekwisha kuliuza kwa faida atapata taabu kuonyesha hasara yake.

Andika barua ya madai ukitaja siku ya mwisho ya kukabidhiwa logbuku, na udai gari la zamani lihamishwe kutoka jina lako, kwa sababu Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Muuzaji akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria huitaka iamue ndani ya siku 60.

Mkipatana kabla ya hapo, hati ya maafikiano itaje nambari za usajili za magari yote mawili, kiasi kilicholipwa, na kwamba hakuna dai jingine litakalofuata juu ya gari lolote kati ya hayo.