Hedifoni Isiyo na Waya ya Muvi, Gemu na Stori: Anza na Maiki

Mara nyingi hedifoni inayoletwa mezani kwangu Kariakoo kwamba ni mbovu haina ubovu wowote. Imenunuliwa tu kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Mteja anaeleza kwamba muvi zinasikika safi na muziki unapiga vizuri, lakini akiingia kwenye gemu na wenzake na kuanza kuongea, sauti inakuwa nyembamba kama ya simu ya zamani, na wenzake nao wanalalamika kwamba anasikika kama yuko ndani ya pipa. "Fundi, nadhani spika zimeungua." Spika ni nzima. Ninachoweza kumpa ni maelezo, na maelezo hayo angeyapata kabla hajatoa hela, angenunua kitu kingine.

Bluetooth ina njia mbili za kubeba sauti. Moja ni ya muziki: sauti ni pana, kulia na kushoto zimetengana, ila inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye kifaa kuja sikioni. Nyingine ni ya simu: inakwenda na kurudi, lakini imebanwa, na masikio yote mawili yanapata kitu kilekile. Muziki wa kawaida hurekodiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Njia ya simu ya Bluetooth inatumia 8,000, na vifaa vikiwa bora kidogo, 16,000. Sasa, programu yoyote ikiwasha maiki ya hedifoni, kompyuta inalazimika kuhamia njia ya simu. Kila kitu kinahama nayo: milio ya gemu, muziki, sauti za wenzako. Bei haiokoi hapa. Nimeona hedifoni za bei ya pikipiki iliyotumika zikifanya hivyohivyo, kwa sababu sheria ni ya Bluetooth yenyewe, haijali jina lililochapwa kwenye kikombe cha sikio.

Kama tayari unayo ya namna hiyo, usiiuze kwanza. Ukiwa kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu mnayoongelea, iwe Discord au nyingine. Sehemu ya kutolea sauti iache kwenye hedifoni, lakini sehemu ya kuingizia sauti chagua maiki ya laptopu yenyewe. Bluetooth itabaki kwenye njia ya muziki, gemu itarudi kusikika vizuri, na wenzako watakusikia kupitia laptopu. Ukipata maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola, ni bora zaidi. Tiba hii nimeitoa bure mara nyingi na watu wameondoka wakiwa na furaha kuliko kama ningewauzia kitu.

Kuna Bluetooth mpya zaidi inayoitwa LE Audio, iliyotangazwa mwaka 2020 pamoja na kodeki yake (namna yake ya kubana sauti) ya LC3, na hiyo inaweza kubeba sauti nzuri na maiki kwa wakati mmoja. Lakini lazima hedifoni iwe nayo na simu au kompyuta nayo iwe nayo. Namba 5.3 iliyochapwa kubwa kwenye boksi haithibitishi hilo, maana kifaa kinaweza kuwa na Bluetooth ya namba hiyo bila LE Audio. Muuzaji akikuambia "hii ni 5.3, haina shida", muombe akuonyeshe maneno LE Audio kwenye boksi.

Jambo la pili ni kuchelewa. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa kitu kama milisekunde 150 hadi 250. Kwenye muvi hutaligundua, kwa sababu programu nyingi za video zinajua sauti itachelewa, kwa hiyo zinaichelewesha na picha kidogo ili midomo na maneno viende pamoja. Gemu haiwezi kufanya hivyo. Ukibonyeza kufyatua, picha inajibu hapohapo na mlio unafuata nyuma. Ndiyo maana usikubali kupimiwa hedifoni dukani kwa video. Karibu kila hedifoni itafaulu mtihani huo. Kabla hujatoka nyumbani, weka kwenye simu programu ya bure ya kupiga kinanda. Ukifika dukani, unganisha hedifoni, gusa kibonyezo kimoja kimoja, na usikilize muda kati ya kidole na mlio. Sikio lako litakuambia palepale. Hedifoni nyingine zina modi ya gemu inayopunguza huko kuchelewa. Iwashe, kisha rudia kugusa.

Kwa mtu anayetaka vyote vitatu, yaani muvi, gemu za kujifurahisha na kupiga stori, mimi nashauri hedifoni yenye kidude chake cha USB, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta na kutumia masafa ya 2.4 GHz, na ikiwezekana iwe na Bluetooth pia kwa ajili ya simu. Kidude hicho hakifuati zile njia mbili za Bluetooth. Kinabeba sauti pana na maiki kwa pamoja, na kuchelewa kwake ni kudogo kiasi kwamba mchezaji wa kawaida hawezi kukuhisi. Ukinunua kitu kimoja cha kudumu, hela yako iweke hapo kabla ya kuiweka kwenye taa za rangi au jina kubwa.

Mpwa wangu aliyeko chuo alinijia na ombi hilohilo. "Shikamoo mjomba. Nataka hedifoni moja tu, ya kila kitu, na isinimalizie hela ya bumu." Sikumpeleka dukani. Nilimkalisha nikaanza kumuuliza. Unachezea wapi? Kwenye laptopu. PlayStation je? Hapana, ni ya kaka yake nyumbani. Unaongea na nani ukicheza? Marafiki wawili, usiku. Chumbani mko wangapi, na feni iko upande gani? Wako wanne, na feni ni ya kusimama, karibu na kitanda chake. Nikaangalia nywele, amesuka, na anavaa miwani. Majibu hayo yaliondoa zaidi ya nusu ya hedifoni ambazo angeonyeshwa kwenye maduka ya Mtaa wa Aggrey.

Swali la wapi unachezea ndilo linalowaumiza watu wengi. PS4 na PS5 hazipokei sauti ya gemu kwa hedifoni za Bluetooth za kawaida. Unahitaji kidude cha USB kilichoandikwa kwenye boksi kwamba kinafanya kazi na PlayStation, au waya unaochomekwa kwenye padi ya kuchezea. Xbox ina mfumo wake wa wireless, kwa hiyo tafuta boksi lililoandikwa Xbox waziwazi. Hedifoni nyingine hutolewa kwa matoleo tofauti yanayofanana kwa sura: Arctis Nova 7 ya SteelSeries, kwa mfano, ina toleo la kawaida, la P na la X, na la X ndilo la Xbox. Nintendo Switch ilianza kupokea sauti ya Bluetooth mwaka 2021, lakini bila maiki. Kwenye TV, usidhani tundu la USB litapokea kidude. TV nyingi zinatumia tundu hilo kusoma flashi tu. Kwa TV, angalia kama ina Bluetooth kwenye mipangilio yake, na kwa muvi hiyo inatosha kabisa.

Angalia pia umbo la kichwa cha kidude. Chenye USB-C kinaingia kwenye simu na kwenye laptopu mpya, chenye USB ya kizamani kinaingia kwenye laptopu nyingi na PS4. Ukikichomeka kwenye simu, kumbuka huwezi kuchaji simu kwa tundu hilohilo.

Kuhusu maiki: wauzaji wanachanganya vifupisho viwili ambavyo kazi zake zimepishana. ANC inapunguza kelele unazosikia wewe. ENC inapunguza kelele anazosikia mwenzako kupitia maiki yako. Hedifoni inaweza kuwa na ANC nzuri sana na mwenzako bado akasikia bodaboda zote za mtaani kwenu. Kwa kuongea, mkono wa maiki unaofika karibu na mdomo unashinda maiki zilizofichwa kwenye kikombe, kwa sababu kadiri maiki inavyokuwa karibu na mdomo ndivyo feni inavyobaki nyuma. Weka ncha yake pembeni mwa mdomo, upana wa vidole viwili, usiiweke mbele ya pumzi. Mpwa wangu alitaka isiyo na mkono kwa sababu ni nzuri kutembea nayo. Tukawasha feni pale dukani, akampigia mwenzake, akageuka huku na huku. Baada ya hapo hakunibishia tena: alichukua yenye mkono unaochomoka.

Uzito na mito ya masikio vinahitaji dakika zako dukani, na hapa joto la Dar lazima lihesabiwe. Mito ya ngozi ya plastiki inazuia kelele vizuri lakini inashika jasho, na jasho likichanganyika na mafuta ya nywele, inaanza kumenyuka vipande vyeusi vinavyobaki shingoni. Hili naliona mezani kila wakati. Mito ya kitambaa inapumua zaidi, ingawa inavujisha sauti kidogo. Iwe ya ngozi au ya kitambaa, ivute taratibu uone kama inatoka. Inayotoka utaibadilisha kwa hela ndogo. Iliyogundishwa na gundi itakufukuza kwenye hedifoni ambayo ndani bado ni nzima. Kisha fungua na ukunje ule mkono unaoshika kikombe. Hapo ndipo zinapovunjika, pale penye bawaba, hasa kama ni plastiki tupu. Ukiona chuma kinapita ndani ya utepe wa kichwani mpaka kwenye kikombe, hiyo itavumilia. Mwenye miwani aivae hedifoni kwa angalau robo saa akiwa anatazama bidhaa nyingine. Maumivu ya miguu ya miwani hayaji dakika ya kwanza. Na kwa nywele za kusuka, fungua utepe mpaka mwisho uone kama unafika.

Habari za "7.1", yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, zisikuongezee bei. Kwa kawaida ndani kuna spika mbili tu, na kule kuzungukwa na sauti ni kazi ya programu. Windows 10 na 11 zina Windows Sonic ya bure inayofanya kazi hiyohiyo. Ukubwa wa spika, milimita 40 au 50, nao hausemi chochote kuhusu utamu wa sauti.

Betri: saa 20 za kweli zinamtosha mtu wa kawaida. HyperX Cloud Alpha Wireless imetangazwa kwa saa 300, na ni nzuri kwa anayechezea kompyuta, lakini haina Bluetooth, kwa hiyo simu isahau. G435 ya Logitech ni nyepesi mno, gramu 165, ina kidude na Bluetooth, betri ya saa 18. Haina mkono wa maiki wala tundu la waya. Sony WH-CH520 inakaa hadi saa 50 na ni chaguo zuri kama kazi yako ni muvi na simu tu, maana ni ya Bluetooth peke yake. Arctis Nova 7 inasikiliza kidude na simu kwa pamoja, hivyo uko kwenye gemu na mama akipiga unapokea bila kuhangaika, na ina tundu la waya. Tundu la waya mimi nalithamini sana, kwa sababu umeme ukikatika na betri ikiisha, muvi inaendelea. Uliza tu kama maiki nayo inafanya kazi kwa waya, maana kwa hedifoni nyingine inazimika. Chaji iwe ya USB-C. Matundu yale ya zamani ya micro-USB yanalegea, nami nimeyachomelea mengi.

Kuhusu feki, zile zinazoigwa sana ni zenye majina makubwa. Pakua programu rasmi ya mtengenezaji kabla hujalipa na uiunganishe palepale. Feki nyingi zitashindwa kutambuliwa. Kama muuzaji anakukataza kuijaribu, aga uondoke.

Ukifika nyumbani, chomeka kidude mbali na tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani. USB 3 inatoa mwingiliano kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz, na sauti inaanza kukatika ukigeuza kichwa. Tumia tundu jeusi, au waya mfupi wa kurefushia USB ili kidude kisogee mbele yako. Sauti usiifungulie mpaka mwisho: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75. Vikombe vilivyofunga vizuri vinakusaidia hapo, maana huhitaji kushindana na jenereta ya jirani.

Na kidude kitunze. Hedifoni nyingi zinafika kwangu baada ya kidude kupotea, na kwa baadhi ya kampuni hakiuzwi peke yake, au kipya kinahitaji programu maalumu ili kiitambue hedifoni yako. Kifunge kipande cha utepe wa rangi kali, na ukikichomoa, kiweke kwenye mfuko mmoja na waya wa chaji.